MOROGORO 1969: CHAMA KILIPOMGEUKIA KIONGOZI WAKE

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule, Jumamosi jioni. Inachapwa kwa ombi la waliohudhuria. Mizaha miwili juu ya chakula cha bwenini imeondolewa na Mhariri.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wastaafu, na ninyi nyote mliowahi kulala katika mabweni haya mkang'atwa na kunguni wake: salaam.

Katibu aliponiandikia, alinipa dakika ishirini na akaniachia uhuru wa kuchagua mada. Nadhani alitegemea nitasimulia habari za mwalimu wetu wa hesabu na ile fimbo yake ya mpera. Habari hizo mnazijua, na wengine bado mnazo alama zake. Mimi nimechagua jambo lililotokea katika mji wetu huu wa Morogoro nilipokuwa kidato cha pili, wala hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyelijua. Nimelichagua pia kwa sababu ya ajenda namba tano ya kesho asubuhi. Nitafika huko mwishoni, msiwe na haraka.

Mwaka 1969, Jumamosi tulipopewa ruhusa ya kwenda mjini, tulikuwa tukikutana na vijana wa Afrika ya Kusini wakinunua sigara na sabuni. Walivaa vizuri kuliko sisi, na Kiswahili chao kilituchekesha. Tuliwaita wapigania uhuru, kama tulivyofundishwa, na tulidhani kwamba mtu akishaitwa mpigania uhuru basi adui yake ni mmoja tu, Kaburu, na nyumbani kwake mwenyewe hakuna ugomvi. Kumbe kuanzia tarehe 25 Aprili hadi tarehe 1 Mei mwaka ule, wajumbe wapatao 70 wa chama cha ANC walikuwa wamejifungia hapa mjini, wakiamua kama viongozi wao wanafaa kuendelea au hawafai.

Kiongozi mwenyewe alikuwa Oliver Tambo. Huyu ni mwanasheria aliyewahi kuwa na ofisi moja na Nelson Mandela kule Johannesburg. Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, chama kilimtuma nje ya nchi, na muda si mrefu serikali ya Makaburu ikakipiga chama marufuku. Mwaka 1964 Mandela na wenzake wakahukumiwa kifungo cha maisha. Rais wa chama, Chifu Albert Luthuli, alikuwa amezuiliwa asitoke eneo la kwake, na Julai 1967 akafariki. Hivyo Tambo akawa kaimu rais. Angalieni neno hilo, kaimu. Hakupata kukaa mbele ya mkutano mkuu kamili wa chama ukamchagua kwa kura kushika nafasi hiyo. Wapiga kura wake walikuwa gerezani, au chini ya ulinzi wa polisi, au wametawanyika duniani. Mtu wa namna hiyo ana mzigo wa kiongozi lakini hana hati ya kiongozi mkononi.

Tena alikuwa na jeshi lisilo na vita. Kambi yao kubwa ilikuwa Kongwa. Wazee wanapakumbuka kwa ule mpango wa karanga wa Waingereza, uliomeza mapesa mengi na kutoa karanga kidogo. Tangu 1964 serikali yetu iliwapa nafasi pale wapiganaji wa ANC, na wenzao wa FRELIMO, SWAPO, ZAPU na MPLA walikuwa na kambi zao huko huko. Basi fikirini kijana wa FRELIMO: akitoka Kongwa anateremka kusini mpaka Ruvuma, anavuka, yuko nyumbani anapigana. Kijana wa ANC akitaka kwenda kwao ilimpasa kupita Zambia, kisha Rhodesia ya Ian Smith au Botswana, nchi maskini iliyopata uhuru mwaka 1966 tu na isiyotaka kugombana na jirani mkubwa. Wengi walikuwa wamesomea vita Urusi na kwingineko. Wamerudi wana ujuzi na hamu, halafu wanakaa miaka wakilima bustani ya mchicha na kucheza mpira. Mimi nilikaa JKT mwaka mmoja, na ninajua jeshi linalosubiri linavyokuwa. Sigara inakosekana, na kosa la ofisa mmoja linakuwa habari ya wiki nzima.

Agosti 1967 hatimaye wakapelekwa. Kikosi kilichopewa jina la Luthuli kilivuka mto Zambezi pamoja na wapiganaji wa ZAPU, wakaingia upande wa Wankie. Walikuwa kama 80. Walipigana na majeshi ya Smith vizuri kuliko alivyotarajia adui, lakini chakula kiliisha, maji yaliisha, ramani hazikuwa sahihi, na wananchi wa kule walikuwa hawajaandaliwa kuwapokea. Wengine waliuawa, wengine walikamatwa. Kundi moja lilikimbilia Botswana, likanyang'anywa silaha na kufungwa jela. Kamisaa wa kikosi hicho alikuwa kijana wa miaka 25 aitwaye Chris Hani, naye alikuwa miongoni mwa waliofungwa.

Walipotoka jela na kurudi Lusaka, walitazamia kuitwa na wakubwa. Walitazamia mtu awaulize: ilikuwaje huko? Wenzetu gani walikufa, na wapi? Ramani ilikosewa na nani? Hapakuwa na aliyewaita. Wiki zikapita, kisha miezi. Mikutano ya wakubwa iliendelea, safari za ndege ziliendelea, na wao wakazagaa Lusaka kama watu waliotoka likizo.

Mwanzoni mwa 1969 Hani na wenzake sita wakaandika waraka. Watu saba, sahihi saba, majina kamili. Ulikuwa mkali ajabu. Walisema viongozi wamekuwa wanasiasa wa mshahara na wameacha kuwa wanamapinduzi. Walisema wakubwa wanazunguka dunia nzima lakini hawajui njia ya kwenda nyumbani. Chama kimefungua biashara, na nguvu zinakwenda huko. Watoto wa viongozi wanapelekwa vyuo vya Ulaya, watoto wa wengine wanapelekwa vitani. Walilaumu adhabu za siri ndani ya jeshi. Wakataja na majina: Joe Modise, mkuu wa jeshi, na Duma Nokwe, katibu mkuu aliyeshika pia usalama wa chama. Wakadai uitishwe mkutano, na viongozi wahojiwe mbele ya wapiganaji.

Je, walikuwa na haki? Kwa mambo mengi, ndiyo. Yaliyofuata yalionyesha hivyo. Kwa namna walivyosema, sina hakika. Waraka ule uliwachanganya waliozembea na waliochoka, na kuna mahali hasira iliandika kuliko kalamu. Lakini mtu aliyekunywa maji ya madimbwi kule Wankie, hamwezi kumdai adabu ya barua ya kuomba kazi.

Wakubwa walikasirika. Wale saba waliitwa mbele ya baraza la nidhamu wakafukuzwa chamani. Palikuwa na waliotaka zaidi ya hapo. Hani mwenyewe alisimulia baadaye kwamba baadhi ya viongozi walitaka wauawe kwa kosa la uhaini. Nataka mlisikie vizuri hilo, kwa sababu leo tunaona majina haya yote katika orodha moja ya mashujaa, na tunasahau kwamba kulikuwa na siku ambapo nusu ya orodha ilitaka kuipiga risasi nusu nyingine. Hoja yao haikukosa mantiki ya vita. Chama kiko uhamishoni, majasusi wa Makaburu wamejaa, na watu wenye silaha wanapinga amri. Mahali pengi Afrika, ndugu zangu, habari ingeishia hapo, na mimi nisingekuwa na hotuba.

Tambo hakukubali damu. Alifanya jambo ambalo kwa kiongozi aliyezongwa ni gumu kuliko yote: aliyachukua malalamiko akayatenga na watu walioyaleta. Watu walikuwa wamefukuzwa, lakini maneno yao yakaendelea kufanya kazi. Ukaitishwa mkutano wa mashauriano, na matawi na kambi zikaombwa kutoa maoni kabla yake. Ndio huo uliofanyika hapa kwetu Aprili 1969. Wale saba hawakuwamo ukumbini, lakini waraka wao ulikuwamo.

Siku za mkutano zilikuwa za moto. Wapiganaji walisema waliyokuwa nayo. Katikati ya mabishano hayo, Tambo alisimama akatangaza kwamba anajiuzulu, akaondoka kitini. Kwa muda chama kikongwe kuliko vyote vya ukombozi kusini mwa Afrika, kilichoundwa mwaka 1912, kikawa hakina kiongozi, hapa Morogoro.

Wengine husema ile ilikuwa mbinu, kwamba alijua atarudishwa. Mimi sidhani. Mwenye kucheza na kujiuzulu huwa anawauliza rafiki zake kwanza kama kura zinatosha. Nadhani alikuwa amechoka, na nadhani aliona kwamba kaimu asiye na hati hawezi kuendelea kudai utii kwa mabavu ya cheo. Vyovyote iwavyo, matokeo yake ni kwamba wale waliokuwa wakimshambulia walijikuta wameulizwa swali wasilolitarajia: haya basi, mnamtaka nani? Wakamrudisha kwa kauli moja. Alipoketi tena hakuwa yule yule aliyeinuka. Sasa alikuwa amechaguliwa, tena na watu waliokuwa wamemaliza kumsema.

Mengine nitayapitia upesi. Halmashauri Kuu ilipunguzwa, ikabaki na watu 9. Nokwe aliondoka katika ukatibu mkuu, nafasi ikachukuliwa na Alfred Nzo. Uanachama ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote, ingawa si kuingia Halmashauri Kuu. Hilo lilingoja mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Liliundwa Baraza la Mapinduzi la kusimamia vita, na humo wakaingia Yusuf Dadoo na Joe Slovo. Si wote waliofurahi. Mwaka 1975 wanachama wanane waliopinga kufunguliwa huko walifukuzwa, na hao hawakurudishwa upesi kama wale saba. Maana wale saba, baada ya mkutano, walisamehewa wakarudishwa chamani mwaka huo huo.

Hani alipanda. Katikati ya miaka ya 1970 aliingia Halmashauri Kuu, mwaka 1987 akawa mnadhimu mkuu wa jeshi, na mwaka 1991, katika uchaguzi wa Halmashauri Kuu kule Durban, alipata kura nyingi kuliko wagombea wote. Tarehe 10 Aprili 1993 aliuawa kwa risasi mlangoni kwake. Tambo alifariki tarehe 24 mwezi ule ule. Ziko siku kumi na nne tu kati ya mzee na kijana aliyemwandikia waraka.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu ya kusimulia watoto. Lakini mimi nimefundisha historia miaka thelathini na hadithi tamu huniwasha mwili. Modise, aliyetajwa kwa jina katika waraka, aliendelea kushika jeshi, na mwaka 1994 akawa Waziri wa Ulinzi. Na mwaka 1984, miaka kumi na mitano baada ya Morogoro, wapiganaji waliokuwa kambini Angola waliasi wakidai karibu mambo yale yale: mkutano, na viongozi wahojiwe. Safari hii waasi saba walipigwa risasi hadharani katika kambi ya Pango. Wengine walifungwa miaka. Hani wakati huo alikuwa mkubwa, naye alikuwa upande wa uongozi. Baadhi ya waliotoka kifungoni waliletwa hapa jirani, Dakawa. Wenzao wakawaamini wakawachagua katika kamati zao, na uongozi ukauvunja uchaguzi huo. Basi msinielewe kwamba Morogoro iliwatibu moja kwa moja. Chama ni kama mwili, chanjo ya mwaka huu haizuii homa ya miaka kumi na mitano ijayo.

Na homa nyingine ilikuja wakati wakiwa watawala. Thabo Mbeki, aliyepita Dar es Salaam mwaka 1962 akiwa kijana anakwenda kusoma Uingereza, alikuwa rais wa chama tangu 1997 na rais wa nchi tangu 1999. Juni 2005 alimwondoa makamu wake, Jacob Zuma, baada ya rafiki na mshauri wa fedha wa Zuma kutiwa hatiani kwa rushwa. Pengine alikuwa na sababu. Lakini wajumbe wa chama, walipokutana mwaka ule ule, walikataa Zuma avuliwe kazi zake za chama. Huo ulikuwa waraka wa Mbeki, ila haukuandikwa kwa kalamu. Hakuusoma, au aliusoma akaona ni kelele. Desemba 2007 akagombea tena urais wa chama kule Polokwane. Mwenyekiti wa mkutano, Mosiuoa Lekota, alizomewa. Wajumbe wakawa wanazungusha mikono kama kocha anayeomba kubadilisha mchezaji. Kura zilipohesabiwa, Zuma 2,329, Mbeki 1,505.

Septemba 2008 jaji mmoja alidokeza kwamba serikali ya Mbeki iliingilia mashtaka ya Zuma. Kabla ya rufaa kusikilizwa, Halmashauri Kuu ikamwita Mbeki arudishe urais wa nchi. Akaurudisha. Hapa nampa haki yake: hakuita jeshi, hakuita watu barabarani, alisoma hotuba kwenye televisheni akaenda zake. Januari 2009 mahakama ya rufaa ikatengua maneno ya yule jaji. Yaani walimwondoa kwa hukumu iliyobatilishwa miezi minne baadaye. Lekota na wenzake walijitenga wakaunda chama chao, kikapata kama asilimia 7 ya kura mwaka 2009. Naye Zuma, mwaka 2018, aliitwa na Halmashauri Kuu ile ile arudishe urais ule ule. Mwaka 2024 aliongoza chama kipya chenye jina la jeshi la kale, uMkhonto weSizwe, jeshi la kina Hani, na kikakata zaidi ya asilimia 14 ya kura zote za nchi. ANC iliangukia asilimia 40.

Tofauti yangu mimi kati ya Morogoro na Polokwane si kwamba Tambo alikuwa mtakatifu na Mbeki jeuri. Wote wawili walikuwa wasomi na wote walikitumikia chama maisha yao yote. Ila Tambo aliinuka kitini wakati watu wanabishana juu ya makosa. Mbeki alingoja mpaka watu wanabishana juu ya mtu mbadala, na hapo makosa hayazungumzwi tena, zinahesabiwa kura tu. Waliotoka Morogoro walitoka na orodha ya mambo ya kurekebisha. Waliotoka Polokwane walitoka na mshindi. Wazee wetu walisema mkubwa ni jalala. Tambo alikubali kuwa jalala siku saba.

(Wenzangu wa rika langu naona mnanong'ona juu ya Dodoma, Januari 1984, na kujiuzulu kwa Mzee Aboud Jumbe. Hiyo nayo ni hotuba, lakini Katibu anionyesha saa.)

Sasa ajenda namba tano. Mwaka jana vijana wetu sita, waliomaliza hapa baada ya mwaka 2000, waliandika barua kwa Kamati juu ya mfuko wa kuezeka bweni. Waliuliza fedha zimekaa wapi, kwa nini mabati yamenunuliwa nusu, na kwa nini hesabu haijasomwa miaka mitatu. Lugha yao haikuwa nzuri. Mimi waliniita mzee wa posho. Kamati, nami nikiwa mjumbe wake, ilikaa ikaamua kuleta pendekezo wafutwe uanachama kwa utovu wa nidhamu, na barua yao isisomwe mkutanoni. Sahihi yangu ni ya tatu kwenye pendekezo hilo. Mabati bado ni nusu. Mkienda nyuma ya jiko mtayaona.

Ndugu Mwenyekiti, sahihi hiyo naiondoa usiku huu, na nafasi yangu katika Kamati naiacha wazi mpaka kesho mkutano uamue. Barua ya vijana ina kurasa tatu. Nimetoa nakala arobaini kwa pesa yangu, ziko mezani pale karibu na birika. Naomba kila mtu achukue moja aisome kabla ya kulala, hasa ukurasa wa pili, wenye hesabu. Nakala zikiisha, msomeane bwenini kama tulivyokuwa tukisomeana barua za nyumbani. Chai isipoe.